MNYOO WA KICHOCHO: TUMJUE ALIVYO



Katika mashamba ya miwa na mpunga yanayomwagiliwa, mwenzetu akichoka upesi, akaumwa tumbo na kuhara damu, nyapara husema ni mvivu. Jirani husema amerogwa. Sisi wa chama tunasema: apimwe choo kwanza, maana huenda ana mnyoo wa kichocho.

Ukoo wake. Huyu ni wa kundi la minyoo bapa, pamoja na tegu. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliwagundua minyoo wa kichocho mjini Cairo, nchini Misri, mwaka 1851. Wako wa aina kadhaa. Mmoja hushika kibofu, na mgonjwa hukojoa damu. Yai lake lina mwiba nchani. Mwingine hushika matumbo. Yai lake lina mwiba ubavuni. Huyu wa pili wataalamu humwita Schistosoma mansoni, na ndiye anayewasumbua ndugu zetu wa Burundi, Rwanda na Uganda. Ndiye tunayemweleza hapa.

Maumbile yake. Dume ana urefu wa kama sentimita 1. Kingo za mwili wake zimejikunja zikafanya mfereji, na jike, aliye mwembamba na mrefu zaidi, hulala humo. Wote wawili wana vinyonyio viwili, kimoja mdomoni na kimoja chini ya mwili, vya kushikia ukuta wa mshipa wa damu. Chakula chao ni damu. Utumbo wao hauna tundu la nyuma, kwa hiyo makapi hutapikwa. Huishi ndani yetu miaka mingi, na jike huweza kutaga mayai 300 kwa siku. Mengine hutoka na kinyesi. Mengine hukwama katika ini, na hayo ndiyo yanayotuumiza: ini hupata makovu, na tumbo huweza kujaa maji.

Safari yake. Yai likifika katika maji baridi huanguliwa. Kijidudu kinachotoka lazima kimpate konokono wa majini katika muda wa saa chache, la sivyo kitakufa. Kikimpata, huzaliana ndani yake. Baada ya wiki kadhaa hutoka vijidudu maelfu, wenye mkia wa panda. Hao hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini kwa dakika chache tu. Hawahitaji kidonda, mkia huachwa nje.

Basi, ndugu, mnyororo huu una pete tatu: kinyesi, konokono na ngozi. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo wakubwa, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena. Mfanyakazi akitibiwa leo, kesho akarudishwa mferejini miguu mitupu, tumefanya kazi bure.

Kwa hiyo kila tawi lipeleke madai haya manne kwa mwajiri:

1. Vyoo vijengwe karibu na mahali pa kazi, si kambini peke yake.
2. Wanaofungulia maji wapewe mabuti ya mpira.
3. Mifereji isafishwe majani, ambayo ni makao ya konokono.
4. Wafanyakazi wapimwe na kutibiwa bila kukatwa mshahara.

Na sisi wenyewe tusijisaidie mferejini. Hatuwezi kudai pete mbili zikatwe huku ya tatu tunaiunga kwa mikono yetu.