Gundi ya Molekuli: Namna ya Kukinyamazisha Kipokezi cha Estrojeni

Makala haya yanadhamiria kueleza namna wanasayansi wanavyobuni molekuli ndogo za kuimarisha mshikamano wa protini katika vipokezi vya homoni.

Homoni ni mjumbe. Kipokezi ni protini inayompokea mjumbe huyo. Estrojeni inapoingia katika kishimo cha kipokezi chake, vipokezi viwili huungana, vikaamsha jeni na kuiamuru seli igawanyike. Takriban saratani saba kati ya kumi za matiti hutegemea amri hiyo. Dawa ya tamoksifeni hukalia kishimo hicho ili homoni ikose nafasi. Hata hivyo, katika baadhi ya saratani sehemu hiyo hubadilika umbo, kipokezi kikaendelea kuamuru hata pasipo homoni. Mgonjwa husalia na dawa isiyomfaa tena.

Njia nyingine ilitokana na maradhi ya miti. Kuvu iitwayo Phomopsis amygdali hushambulia milozi kwa sumu ya fusikosini. Sumu hii hujipenyeza baina ya protini mbili na kuzigandisha; vitundu vya majani hubaki wazi, mti ukanyauka. Jamii ya mojawapo ya protini hizo, 14-3-3, imo pia mwilini mwa binadamu. Mwaka 2013 ilibainishwa kuwa 14-3-3 hushika mkia wa kipokezi cha estrojeni, penye asidi amino ya 594 kati ya 595, pindi inapotiwa fosfeti. Fusikosini huukaza mshiko huo, na vipokezi huzuiwa kuungana.

Kwa kuwa fusikosini ni vigumu kuiunda maabarani, watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, na San Francisco, Marekani, walianza na vipande vidogo vya molekuli. Mwaka 2019 walieleza jinsi walivyovinasa kwenye sisteini iliyo karibu na mpaka wa protini hizo mbili, wakateua vile vinavyonata zaidi kipokezi kikiwapo. Uteuzi huo ni muhimu, maana 14-3-3 hushika mamia ya protini nyingine.

Kazi hii ingali ya maabara, lakini inawadai wanaistilahi jambo. Dawa nyingi huitwa vizuizi. Hii huunganisha ili kuzuia. Neno "gundi" lalieleza hilo waziwazi. Istilahi zisipoandaliwa mapema, siku dawa itakapofika, mgonjwa ataridhia tiba asiyoielewa.