Moyo wa Mzee na Betri Yake



Mzee wetu wa miaka themanini na ushei akianguka ghafla barazani, sisi husema, "Ni uzee huo." Humpepea, akizindukana tukamshukuru Mungu, na mambo yakaishia hapo. Lakini si kila kuanguka ni uzee. Huenda ikawa moyo umechelewa kupiga.

Moyo hupiga kwa amri ya umeme mdogo wa mwilini. Amri hiyo hutoka sehemu ya juu ya moyo, upande wa kulia, ikashuka kwa njia yake maalumu mpaka vyumba vya chini, navyo vikakaza pamoja na kusukuma damu. Njia hiyo ikichakaa kwa umri, amri hukatika. Mapigo, ambayo kwa kawaida ni 60 hadi 100 kwa dakika, huweza kushuka hata chini ya 40, na mtu akazimia.

Vidonge haviitengenezi njia hiyo. Tiba yake ni kifaa kidogo chenye betri, kinachowekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, na waya wake hupitishwa mshipani mpaka moyoni. Mtu wa kwanza kuwekewa kifaa cha namna hii mwilini ni Arne Larsson, mjini Stockholm, tarehe 8 Oktoba 1958. Kifaa chake cha kwanza kilifanya kazi saa chache tu, lakini alibadilishiwa vingine, akaishi mpaka mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 86.

Kwa miaka mingi waya uliwekwa kwenye ncha ya chumba cha chini cha kulia. Hapo upande mmoja wa moyo hutangulia na wa pili hufuata nyuma, mithili ya mashua ambayo wapiga makasia wake hawavuti pamoja. Baadhi ya wagonjwa moyo wao hudhoofika, miguu ikavimba na pumzi ikawapanda. Kwa hiyo siku hizi madaktari wengi huuweka waya kwenye ile njia ya asili yenyewe, ili pande zote mbili zipate amri kwa pamoja.

Je, mzee wa miaka 85 au 90 afanyiwe? Umri peke yake si sababu ya kumnyima. Kwa kawaida hutiwa ganzi mahali pale tu, wala halazwi usingizi mzito. Hata hivyo, kuitafuta njia ya asili huweza kuchukua muda zaidi. Kwa mzee dhaifu sana, au ambaye moyo wake huhitaji msaada mara chache, daktari huweza kuchagua njia nyepesi.

Basi, mzee akizimia, au akipata kizunguzungu mara kwa mara, mshike kifundo cha mkono, uhesabu mapigo kwa dakika nzima, kisha umpeleke hospitali apimwe umeme wa moyo. Vifaa hivi huwekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Tusimzike mzee kwa neno "uzee" na hali dawa ipo.