Kompyuta ya abti imegoma? Usiitupe bado

Tuseme abti wako ana duka Tarbaj, na madeni yote ya wateja yamo ndani ya kompyuta ya kizamani ya DOS. Leo umewasha, programu ya hesabu inakwambia kumbukumbu haitoshi. Fundi utamsaka hadi Wajir mjini, na huenda akakwambia ununue laptopu. Tulia kwanza, bana.

Hata mashine ikiwa na megabaiti 8, programu nyingi za DOS lazima zibanane kwenye kilobaiti 640 za kwanza. Mpaka huo ulitoka kwa IBM mwaka wa 1981: prosesa ya 8088 ilifikia kilobaiti 1,024 tu, na 384 za juu zikatengewa skrini na vifaa vingine. Yaani kisima kimejaa, lakini hori la kunyweshea ni dogo. Na kabla ngamia wako hajafika, mbuzi wa kipanya, wa sauti na wa CD washajipanga.

Andika MEM /C uone nani amekalia nafasi. Kisha nakili madeni kwenye diski, pamoja na faili za CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT. Hapo usiruke, tafadhali. Kama mashine ni 386 au zaidi, na DOS ni 5.0 kuendelea, mwanzoni mwa CONFIG.SYS weka:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
DOS=HIGH,UMB

Wa kwanza hufungua kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti moja, wa pili hutafuta mianya ndani ya zile 384, wa tatu huhamishia DOS yenyewe huko juu. (Programu ikidai EMS, badili NOEMS iwe RAM.) DEVICE za vifaa vingine zigeuze ziwe DEVICEHIGH. Kwenye AUTOEXEC.BAT, tanguliza LH mbele ya programu ya kipanya. Na ya CD je? Duka gani hilo linacheza CD! Andika REM mwanzoni mwa mistari yake, inyamaze.

DOS 6 ina MEMMAKER, inakufanyia kazi hii yenyewe. Mimi napenda kwa mkono, angalau najua nimegusa nini. Ikigoma kuwaka, DOS 6 bonyeza F5 mara tu uonapo "Starting MS-DOS", urudishe faili za awali. 5.0 haina F5, kwa hivyo tengeneza mapema diski ya kuwashia.

Washa upya, rudia MEM /C. Ukiona kilobaiti 600 hivi ziko huru, muite abti afungue daftari lake.