Povu Linalochagua Madini

Ukitoka Kigali kwenda kaskazini, muda si mrefu unaingia wilaya ya Rulindo, kwenye machimbo ya Rutongo na Nyakabingo. Rutongo hutoa bati, Nyakabingo hutoa wolframu. Huko kazi kubwa ya kutenga madini na mchanga hufanywa na maji na uzito. Mchanga humwagwa kwenye mfereji wenye mteremko, maji yakapita, koleo likakoroga. Kokoto nyeupe huenda na maji, gasegereti nyeusi yenye bati hubaki chini, kwa kuwa ni nzito zaidi ya mara mbili na nusu kuliko kokoto ya ukubwa uleule.

Mbinu hiyo ina kikomo. Chembe zikisagika zikawa unga, maji huzibeba zote, na bati hupotea na matope.

Tena kuna miamba ambayo uzito hausaidii kitu. Kilembe, magharibi mwa Uganda, shaba ilichimbwa kwa wingi kati ya 1956 na 1982. Mle shaba imechanganyika na pairaiti, madini ya chuma na salfa yenye mng'aro wa dhahabu, mazito kuliko yale ya shaba. Anayetegemea uzito peke yake ataokota asichokitaka.

Dawa ya Kilembe ilikuwa povu. Mwamba husagwa, huchanganywa na maji hadi kuwa tope, kisha hutiwa kemikali inayofanana na sabuni. Kila molekuli yake ina kichwa na mkia: kichwa hung'ang'ania uso wa chembe ya shaba, mkia huyakimbia maji. Chembe iliyovikwa mikia hiyo hailowi tena. Hewa inapopulizwa kutoka chini, chembe hiyo hudandia kiputo kinachopita na kupanda nacho, huku kokoto, ambayo haikuguswa na kemikali, ikilowa na kuzama. Mafuta ya msonobari hufanya povu lisipasuke mapema. Chokaa nayo huizuia pairaiti isipande. Kinachoshangaza ni kipimo: tani nzima ya mwamba mara nyingi hutosheka na makumi ya gramu za kemikali hiyo.

Carrie Everson wa Marekani alipata hataza ya mbinu iliyokaribiana na hii mwaka 1886, lakini ni migodi ya Broken Hill, Australia, iliyoifanya kazi ya kiwanda mwanzoni mwa karne ya 20.

Povu likikwanguliwa na kukaushwa, unapata makinikia. Mwaka 2017 Tanzania nzima iliyajadili, baada ya Rais John Magufuli kuzuia yasisafirishwe nje na makontena 277 kukwama bandarini Dar es Salaam. Yalitoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yakiwa na dhahabu, shaba na fedha. Wengi waliyaita mchanga wa dhahabu, ingawa mchanga wenyewe ulikuwa umeachwa mgodini.

Na hicho kinachoachwa ndicho chenye kesi. Pairaiti ya Kilembe, karibu tani milioni moja, ilirundikwa Kasese kwa miaka mingi, hadi mwaka 1999 kiwanda kilipoanza kutumia bakteria kutoa kobalti iliyokuwa ndani yake. Mabaki mengine yalilundikwa bondeni kando ya mto Nyamwamba. Mto huo ulipofurika Mei 2013, maji yalipita katikati ya bonde hilohilo.

Je, Rulindo nayo itumie povu kuokoa bati inayopotea? Inawezekana: mgodi wa Renison, Tasmania, huelesha chembe ndogo za bati kwa njia hii. Ila kemikali za bati ni ghali kuliko za shaba, hazichagui kwa usahihi uleule, na matope yakizidi huvuruga kazi yote. Wachimbaji wadogo hawataimudu kila mmoja peke yake. Kiwanda kimoja cha pamoja kina nafuu. Na kwa kuwa maji ya milima ile hushuka hadi mto Nyabarongo, bwawa la topesumu lijengwe kwanza, mitambo ya povu ifuate.