Mpiga tarumbeta aliyekaa ugenini miaka 30

Mwezi huu tunawaletea kitabu. Kinaitwa Still Grazing, kilitoka mwaka 2004. Ni maisha ya Hugh Masekela wa Afrika Kusini, mpiga jazz, aliyoyasimulia mwenyewe akisaidiwa na D. Michael Cheers.

Tarumbeta ya kwanza alipewa na padri Trevor Huddleston akiwa na miaka 14. Mwaka 1960 polisi waliua watu 69 kule Sharpeville, na mwaka huohuo Masekela akatoka nchini. Akarudi 1990. Miaka 30, jamani! Sisi tunaohesabu miaka ya kambi tunajua uzito wake.

Na wazee wa Kinshasa, mnalikumbuka lile tamasha la 1974, kabla ya ngumi za Ali na Foreman, Franco na Tabu Ley wakapiga? Kumbe Masekela alikuwa mmoja wa walioliandaa.

Lakini kilichotushika zaidi ni kwamba hajifichi. Mwaka 1968 wimbo wake ulishika nafasi ya kwanza Marekani, pesa ikaingia, halafu pombe na dawa za kulevya zikamla miaka mingi. Yote anayasema wazi. Wazazi wenye vijana wakubwa, someni hapo pamoja nao. Kwa watoto wadogo, hapana.

Masekela alifariki 2018. Shida ya kitabu ni Kiingereza tu. Basi anayekijua awasomee wenzake jioni, na atakayekipata asikifungie sandukuni.