Eldoret, Karne Moja na Hati ya Jiji: Yapi ya Kweli, Yapi ya Kusikia?

Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto aliikabidhi Eldoret hati ya jiji, ikawa jiji la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Kwake ilikuwa kama sherehe ya nyumbani, kwani alizaliwa Kamagut, papo hapo Uasin Gishu, na aliwahi kuwa mbunge wa Eldoret Kaskazini. Tangu siku hiyo, na hata kabla yake, kuna mambo yanayorudiwa kila mji huu unapojisherehekea: majukwaani, redioni, ndani ya matatu za kwenda Langas. Mengine ni kweli tupu. Mengine yana punje ya ukweli iliyofunikwa na makapi mengi. Nayachambua kwa sababu mtoto aliyebebwa mabegani siku ya sherehe ataondoka akiamini alichokisikia kwenye kipaza sauti, na atakuja kuwasimulia wanawe.

"Eldoret ilizaliwa mwaka wa 1912, kwa hiyo karne yake ilitimia 2012."

Ni kweli, ukiuliza makaratasi ya serikali. Mwaka wa 1912 ndipo Gavana Percy Girouard alipoamua pawe kituo cha utawala na pakapewa jina la Eldoret. Lakini posta ilikuwa imefunguliwa miaka miwili nyuma, 1910, mahali palipojulikana kwa namba tu: 64, shamba la Kaburu mmoja aliyeitwa Willy van Aardt. Namba hiyo haijafa. Mzee wa hapa akikwambia anakwenda "Sisibo", yaani "sixty-four", anamaanisha mjini. Wapo wanaoshikilia kwamba 64 ni idadi ya maili kutoka reli ya zamani, wapo wanaosema ni namba ya shamba kwenye ramani ya wapima ardhi, ila wote huanzia kwenye shamba lile lile.

Miaka hiyo hiyo ya mwanzo ndiyo iliyotupa kisa kinachopendwa kuliko vyote: eti sefu ya benki ya kwanza iliporomoka kutoka kwenye gari la maksai, ikawa nzito kiasi cha kutonyanyulika, basi benki ikajengwa kuizunguka. Ni masimulizi ya walowezi. Yasimuliwe kama masimulizi.

Ukiniuliza mimi, kuna mwaka wa tatu uliobadilisha mambo kuliko 1910 na 1912. Reli kutoka Nakuru, iliyopanda baridi ya Timboroa, ilifika Eldoret mwaka wa 1924. Kabla yake mahindi na ngano zilikwama njiani kila mvua ilipogeuza udongo kuwa tope. Baada yake mji ukawa njia kuu ya kuelekea Uganda. Kwa hesabu hiyo hati ya jiji ilikuja karne moja kamili baada ya garimoshi la kwanza, na sadfa hiyo ilistahili kusherehekewa kivyake.

"Makaburu walikuta nyika tupu."

Si kweli, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, maana sherehe ikishaanza hapa basi kila kinachofuata kinapinda.

Msafara wa Jan van Rensburg ulikuwa na watu wapatao 250. Walitoka Transvaal, Afrika Kusini, wakaja kwa meli hadi Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakapandisha magari ya maksai msituni na kwenye tope mpaka uwanda wa juu, wakafika karibu na kilima cha Sergoit Oktoba 1908. Ni safari ya kishujaa, sipingi. Historia ya mji imezoea kuanzia na safari ile, ndiyo maana picha ya magari ya maksai imekuwa ukurasa wa kwanza.

Lakini ukitembea kwenye malisho ambayo hayajalimwa kwa trekta, kuzunguka uwanda huu, utaona mabonde madogo ya mviringo, kama sahani zilizozama ardhini, kila moja likiwa na upana wa mita kadhaa. Mengine yamezungushiwa mawe ambayo sasa yameota kuvu, na upande wa mteremko pana pengo la mlango na tuta la samadi iliyogeuka udongo. Ng'ombe walilala humo. Watu huyaita mashimo ya Sirikwa, na mwanaakiolojia John Sutton aliyachunguza miaka ya 1960. Ni mazizi ya wafugaji walioishi nyanda hizi karne nyingi kabla ya gari lolote la maksai. Baada yao wakaja Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao jina lao ndilo jina la kaunti mpaka leo. Vita vya Wamaasai kwa Wamaasai vya karne ya 19 viliwavunja na kuwatawanya, na Wanandi wakawa wanachunga uwanda huu.

Sasa tazama tarehe. Koitalel arap Samoei, Orkoiyot (kiongozi wa kiroho) aliyeongoza upinzani wa Wanandi, aliuawa na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, pale palipodaiwa kuwa ni mkutano wa amani. Operesheni ya kijeshi ikafuata, mifugo ikachukuliwa kwa maelfu, watu wakasukumwa ndani ya mipaka ya hifadhi. Miaka mitatu baadaye, mwezi ule ule wa Oktoba, msafara wa van Rensburg ukafika na kukuta nyasi zisizo na ng'ombe. Utupu ule ulitengenezwa kwa bunduki. Sherehe ya mji isiyomtaja Koitalel wala Sirikwa ni sherehe ya sura ya pili ya kitabu.

"Wayahudi nusura wapewe Eldoret."

Ni kweli kuliko wengi wanavyodhani, ingawa Eldoret yenyewe haikuwepo. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza, kupitia Joseph Chamberlain, iliwapa Wazayuni wazo la kupata makao kwenye uwanda wa Uasin Gishu. Vitabu huuita mpango wa Uganda kwa sababu sehemu hii ilihesabiwa upande wa Uganda hadi 1902, ilipohamishiwa upande wa Kenya. Wachunguzi walitumwa, wakautembelea uwanda, na kongamano la 1905 mjini Basel likakataa. Angalia tena mwaka: Basel walipokuwa wakijadili kama wauchukue au wauache, Koitalel alikuwa bado hai na Wanandi walikuwa wanapigana. Hakuna aliyewauliza.

"Kenya imeshapita miaka mia, karne yake tuliikosa."

Hapa watu huchanganya nchi na koloni. Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki mwaka wa 1895, ikaigeuza kuwa koloni lililoitwa Kenya mwaka wa 1920. Anayehesabu kutoka hapo ana haki ya kusema karne imepita, lakini atakuwa anasherehekea kutawaliwa. Kenya huru ilianza tarehe 12 Desemba 1963, ikawa jamhuri mwaka mmoja baadaye. Jubilii ya 2013 ilikuwa ya miaka 50. Karne ya taifa ni 2063, mwaka ule ule Umoja wa Afrika ulioutia kwenye jina la ajenda yake, kwa kuwa umoja uliotangulia, ule wa 1963, utakuwa nao umefikisha mia. Mtoto anayeingia chekechea Kapsoya mwaka huu atakuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu siku hiyo, huenda ndiye mwenyekiti wa kamati ya maandalizi. Bado tuna muda wa kumfundisha vizuri.

"Sherehe za Eldoret ni za Wakalenjin."

Si kweli, ingawa naelewa hisia hiyo inatoka wapi. Bingwa wa riadha akirudi nyumbani na kushuka uwanja wa ndege wa Eldoret, hupokelewa na mama mwenye kibuyu cha mursik. Kibuyu hicho kimesuguliwa ndani kwa ufagio wa sosiot, kikapakwa mkaa wa mti wa senetwet mpaka ukuta wake ukawa mweusi, kisha maziwa yakatiwa na kufungiwa siku kadhaa. Ukimiminiwa utaona michirizi ya kijivu kwenye weupe, na harufu ya moshi inatangulia ladha. Hiyo ni mila ya Wakalenjin na inanipendeza kuona inapewa nafasi ya mbele.

Ila mji wenyewe uliinuliwa na mikono mingi. Wahindi walifungua maduka. Waluhya, Wakikuyu, Waluo na wengine walikuja kama vibarua wa mashamba na reli, kisha wafanyakazi wa viwanda kama Rivatex, walimu, wauguzi, na tangu 1984 wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Moi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 475,716, na hao hawakutoka ukoo mmoja.

Kuna sababu nyingine ya kulisema hili waziwazi. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa, pembeni mwa mji huu, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Wiki zilizofuata, uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret, pale familia zinapopeleka watoto kuona ng'ombe wa maziwa na matrekta, ulijaa mahema ya maelfu ya waliofukuzwa makwao. Ni uwanja ule ule. Anayeshika kipaza sauti katika mji wenye kumbukumbu hiyo na kusema "mji wetu" anapaswa kuonyesha kwa maneno na kwa ratiba kwamba "wetu" inawahusu pia waliolala kwenye yale mahema.

"Mabingwa wote wa mbio ni wazaliwa wa Eldoret."

Hapana. Kipchoge Keino na Eliud Kipchoge wote ni wazaliwa wa Nandi, na Iten, wanakofanyia mazoezi wengi wao, iko Elgeyo-Marakwet. Eldoret imekuwa soko lao, benki yao, hospitali yao na mahali wanapojenga. Hilo linatosha kuuita mji wa mabingwa bila kuwapora majirani watoto wao.

"Sasa tuna jiji, tutapata meya, na kodi ya ardhi imepanda."

Meya hayupo. Mabaraza ya miji yalikwisha na uchaguzi wa 2013, na jiji lililo ndani ya kaunti huendeshwa na bodi na meneja chini ya serikali ya kaunti. Viwango vya kodi ya ardhi navyo havipandishwi na hati. Hupangwa na kaunti kwa sheria, na umma ni lazima ushirikishwe. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sheria ya miji na majiji ya 2011 ilidai wakazi 500,000, na kwa sensa ya 2019 Eldoret ingeanguka. Marekebisho ya 2019 yaliyoshusha kiwango hadi 250,000 ndiyo yaliyofungua mlango.

Sheria hiyo hiyo inawapa wakazi mabaraza yao ya kukutana, kuuliza na kupendekeza. Watu wengi watakwenda na ya mifereji ya maji taka na vibanda vya wachuuzi, na ni haki yao. Mimi ningepeleka mawili: mashimo ya Sirikwa yaliyosalia yawekewe mipaka kabla hayajakatwa viwanja, na kila tarehe 15 Agosti ianze kwa wazee wa jamii zote zilizoujenga mji kusema walikotoka, kabla mwanasiasa yeyote hajapewa kipaza sauti.