Somo la Bure na Gharama Yake

Tangu shule zetu zilipofungwa mwezi Machi mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na masomo yakahamia redioni, kwenye runinga na katika intaneti, wamezidi watu wema wanaojitolea kuwafundisha watoto wa maskini Kiingereza kwa mtandao. Shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 2021, lakini watu hao hawakuondoka. Mimi pia nimo. Kwa miezi minane niliketi mbele ya tarakilishi kila Jumamosi saa tatu asubuhi, nikimfundisha msichana mmoja wa Kangemi aliye katika Gredi ya 5.

Msomaji ataniuliza: Kangemi si Ulaya, mbona usipande matatu ukashukia pale barabara ya Waiyaki? Ni swali la haki. Mradi wenyewe ulibuniwa kwa ajili ya walimu walio ng'ambo, nami niliuingia kama nilivyoukuta. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba somo liendeshwe kwa Kiingereza kitupu.

Kanuni hiyo ndiyo iliyotuponza. Mwanafunzi wangu alikuwa akimsimulia mama yake kwa "he" na kaka yake kwa "she". Nilimsahihisha kwa Kiingereza, nikamwonyesha picha, nikarudia. Jumamosi tatu zikapita. Naye alizidi kunyamaza, hata nikadhani mtandao umekatika. Naona haya kukiri kwamba mimi, niliyesomea isimu hadi shahada ya uzamifu, sikulitambua tatizo mapema. Kiswahili kina "yeye" mmoja tu. Hakiulizi kama ni mume au mke. Mtoto hakuwa mzito wa akili, bali alitakiwa kuchagua pale ambapo lugha yake haijapata kumtaka achague. Siku nilipovunja kanuni nikamweleza hayo kwa Kiswahili, dakika tatu zilitosha. Akacheka sana.

Wala hekima hii si ngeni. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo la shule yake, na katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Iweje basi mradi wa kuwafaa watoto wetu ukipige marufuku mlangoni?

Dakika hizo, fauka ya hayo, zina bei. Simu ni ya mama, ambaye hufua nguo katika nyumba za watu huko Loresho na Lavington, na ni kwa simu hiyo hiyo ndipo huitwa kazini. Jumamosi moja jioni aliniandikia ujumbe kwa adabu kubwa: "Mwalimu, habari ya leo. Samahani kukusumbua. Asubuhi nilipigiwa simu ya kibarua, mtoto akaikata ndio asikose kukusikia. Wamechukua mtu mwingine. Naomba kama tunaweza kubadilisha saa."

Niliusoma ujumbe huo mara nyingi. Somo la bure lilikuwa limemgharimu mama huyo ujira wa siku nzima, juu ya bando alilonunua. Mshahara wangu haukupungua hata senti. Na zile Jumamosi tatu nilizozipoteza kwa kuitii kanuni, ni yeye aliyezilipia.

Niliwaandikia wakuu wa mradi nikiomba mambo mawili: saa za masomo zifuate kazi za wazazi, na Kiswahili kiruhusiwe. Kuhusu saa walikubali. Kuhusu Kiswahili walinijibu kwamba walimu wao wengi hawakijui. Ni kweli, ila mimi nakijua.

Sasa napanda matatu. Juzi msichana huyo, aliyezoea kuniona kichwa na mabega tu, alinitazama kutoka juu hadi chini akasema, "Mwalimu, kumbe wewe ni mfupi!" Nikamtaka amwambie mama yake hivyo kwa Kiingereza. Alifikiri kidogo, kisha akamgeukia.

"She is short," akasema.